Tulivyokula kwa Dawa za Wengine

Mtoto wangu mkubwa alipoanza shule, mwalimu aliwauliza watoto darasani wazazi wao wanafanya kazi gani. Wa kwangu akajibu kwamba mama yake anauza dawa kwenye hospitali ya serikali. Mwalimu akamsahihisha: serikali haiuzi dawa, inatibu watu. Mtoto alirudi nyumbani amevimba kwa hasira, akitaka niseme nani kati yao ana haki. Nilimwambia mwalimu ana haki, kisha nikaendelea kuchambua maharagwe, maana sikuwa na namna ya kumweleza mtoto mdogo vile kwamba na yeye pia alikuwa na haki.

Nilisomea kazi ya dawa Kisangani. Wazazi wangu walikuwa wametoka Butembo zamani, wakaifuata biashara ya vitambaa hadi Bunia, na huko ndiko tulikokulia. Nilipomaliza masomo nikarudi nyumbani, nikapata karatasi ya kazi katika hospitali ndogo ya serikali, kwenye mtaa ambao sitautaja. Nilifurahi sana. Baba alikuwa hai bado. Alichinja mbuzi, akawaambia wageni kwamba binti yake sasa ni mtu wa serikali.

Farmasi yetu ilikuwa chumba kimoja chenye rafu za mbao na dirisha lenye nondo. Mgonjwa anasimama nje, anapitisha karatasi ya daktari kati ya nondo, mimi napitisha dawa. Mwezi wa kwanza ulipoisha nilimwendea mhasibu wetu kumuuliza mshahara unapatikana wapi, benki au kwake. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye sauti ya kuimba kanisani. Hakunicheka. Alinivutia kiti.

"Mama, serikali inalipa tu wenye iko na namba," akasema. "Weye bado. Wengi wetu bado. Siye tunakula hapa hapa, ku dawa."

Akanieleza kwamba namba ni ya kuandikwa kwenye orodha ya mishahara huko Kinshasa, na mengine ambayo hayajabadilika hadi leo. Hospitali inanunua dawa kwenye depo ya mjini, inaongeza kidogo juu ya bei, na mimi ninamuuzia mgonjwa. Hicho kidogo kinaingia sanduku moja na pesa za vipimo na za vitanda. Mwisho wa mwezi yanatolewa kwanza mafuta ya jenereta, kisha sabuni na karatasi, kisha kile kinachopanda ofisi za juu. Kinachobaki tunagawana: madaktari sehemu kubwa, wauguzi na mimi ya katikati, wafagiaji na mlinzi ndogo. Tunaiita primu. Mwezi ambao watu wengi wameugua na wana cha kununulia dawa, tunakula. Mwezi ambao wameugua na hawana kitu, njaa yao inaingia mpaka kwetu.

Mtu anaweza kuishi na jambo la namna hiyo muda mrefu bila kulitazama usoni. Mvua zikinyesha vizuri, malaria inapanda, na primu inapanda nayo. Hakuna aliyefurahi kwa sauti. Lakini nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa nne, ua umejaa akina mama na watoto wenye homa, muuguzi mmoja akapita dirishani kwangu, akatazama foleni, akaniambia taratibu kwamba mwezi huu watoto watapata viatu. Alikuwa anasema watoto wake. Niliitikia kwa kichwa, kwa maana na mimi nilikuwa nimeshaifikiria karo.

Kitu kingine nilikiona kwa sababu karatasi zote zilipita mkononi mwangu. Mwezi ukielekea mwisho, karatasi zilikuwa ndefu. Hakuna mkuu aliyeamuru hivyo. Palikuwa na dawa ya ugonjwa, kisha ya maumivu, kisha vitamini, kisha sirapu ya kuleta hamu ya chakula kwa mtoto ambaye nyumbani kwao chakula ndicho kilichokosekana. Mama mmoja aliyetoka upande wa Bule, mtoto mgongoni, alinifungulia fundo la kitenge chake nikaona alichonacho, akasema, "Mama, unipe tu ile ya kuponesha. Ile ingine uiache." Nikampa ile ya kuponyesha. Jioni daktari aliyeandika karatasi ile akaniuliza kwa nini sikuuza vyote, nikamwambia ukweli. Baadaye akasema yeye hamlaumu mama yule wala hanilaumu mimi, ila nyumbani kwake mwenye nyumba anadai kodi. Hatukugombana. Ningependa tungegombana.

Kwa nini sikuondoka? Watu wameniuliza, na kaka yangu mkubwa ndiye aliyeniuliza zaidi. Alikuwa na farmasi yake mwenyewe karibu na soko kuu, duka safi lenye kioo. Aliniambia mara nyingi niende kwake, atanilipa kila mwezi hata kama hakuingia mtu mlangoni. Mimi nilimjibu jibu moja: namba. Kila mwaka habari zilitoka Kinshasa kwamba wanaofanya kazi bila mshahara wataandikwa, watapewa namba, watalipwa kwa benki, na baadaye pensheni. Aliyeacha nafasi yake akirudi anaanza upya, nyuma ya wote. Mume wangu alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Mongbwalu, anakuja Noeli na Pasaka, mara na kitu, mara na homa tu. Katika nyumba yetu mtu mmoja alipaswa kuwa na kitu ambacho hakitegemei bahati. Hivyo ndivyo nilivyowaza.

"Ile namba njo itakulisha lini?" kaka akaniuliza siku moja.

"Karibu, yaya," nikamjibu. Ndivyo kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa.

"Karibu ilianza tangu papa yetu iko hai."

Kisha vita vya Djugu vikawasukuma watu mjini kwa maelfu. Viwanja vikajaa mahema, na hospitali yetu ikajaa kuliko ilivyowahi kujaa. Likaja shirika moja la msaada, likaweka bango getini: waliokimbia vita watatibiwa bure, na baadaye, watoto wote na wajawazito wote bure. Malori yalileta katoni za dawa nzuri, nyingine sikuwahi kuzishika tangu nitoke shule. Nilizipanga kwenye rafu kwa furaha ya kweli. Watoto ambao mwaka uliopita wangerudishwa nyumbani na vidonge vya homa tu, niliwaona wakirudi kwa miguu yao, wakichungulia kwenye nondo zangu.

Mwisho wa mwezi mhasibu alitukusanya na kutuonyesha sanduku. Dawa ya bure haina kidogo cha juu. Shirika lilikuwa limefikiria jambo hilo kwa upande mmoja: liliwapa kitu madaktari na wauguzi waliokuwa wakiwaona wagonjwa wake. Mtu wa farmasi hakuwamo. Katika mkataba wao farmasi ilikuwa mchango wa serikali, na mimi nilikuwa sehemu ya mchango huo, kama rafu na nondo. Nilimwendea msimamizi wao, kijana mstaarabu mwenye jaketi lenye mifuko mingi, nikamweleza kwamba serikali hainilipi. Alisikitika kwa kweli. Alisema ataandika kwa wakubwa wake. Nadhani aliandika.

Basi nikafanya kazi ya watu wawili bila malipo. Asubuhi foleni ilifika barabarani. Wanawake walishika mkono wangu kati ya nondo, wakasema Mungu akubariki, mama, Mungu akulipe. Nami nilirudi nyumbani kwa miguu kwa kukosa nauli ya pikipiki, nikawapikia watoto uji bila sukari. Kibaya zaidi, sikuwa na wa kumkasirikia. Ningesema nini, kwamba dawa ya bure ikome? Kuna wafanyakazi waliosema hivyo, kwa sauti ya chini, nyuma ya maabara. Mimi sikusema. Lakini niliwasikia nikakaa, sikuondoka walipokuwa wanasema.

Katika miezi hiyo ndipo mkuu wetu, daktari mzee aliyebakiza kidogo astaafu, alitutangazia kwamba wakaguzi wako njiani. Watakuja kuona kila mfanyakazi kwa macho, ili namba zitolewe. Siku haikujulikana. Atakayekosekana siku hiyo atafutwa, hakuna rufaa. Likizo zote zilisimama. Mwenye homa alilala kwenye kitanda cha hospitali, koti lake jeupe likiwa pembeni, tayari kuvaliwa. Tulikaa hivyo wiki baada ya wiki, tumebanwa kwenye kazi isiyotulipa, tukiwaogopa watu ambao hatukujua kama watakuja.

Mama yangu, baada ya kifo cha baba, alikuwa amekataa kukaa mjini. Alikodi shamba upande wa Bogoro, analima maharagwe na mihogo. Katika wiki zile za kungoja, jembe lilimkata mguu. Alilifunga jeraha kwa kitambaa akaendelea kulima, mpaka mguu ulipovimba na akaanza kuweweseka. Majirani walimpeleka kituo kidogo cha afya, ndani kidogo kutoka barabara kuu. Kaka yangu alikuwa amekwenda Uganda kununua dawa za duka lake. Simu ikaja kwangu.

Nilimwendea mkuu. Alinisikiliza akiwa amevua miwani.

"Ukienda, sitakukataza. Ni mama yako," akasema. "Lakini wakiuliza, mimi sitaweza kukuonyesha mahali haupo."

Siku ile sikwenda. Nilisimama dirishani, nikagawa dawa, na kila gari lilipopunguza mwendo getini nilichungulia nje. Nilimtumia jirani wa mama ujumbe, akajibu kwamba mama anaulizia kama mvua imenyesha. Mama hakuwa mtu wa kuulizia mvua akiwa mgonjwa, alikuwa anaota. Kesho yake kulipopambazuka nilimpa mwenzangu wa maabara ufunguo wa farmasi, nikapanda pikipiki.

Barabara ilikuwa na vizuizi vya wanajeshi, na kwenye kila kimoja tulisimama, tukajieleza, tukaacha kitu. Nilipofika, mama alikuwa amelala kwenye kitanda cha chuma, mguu mweusi kuzunguka jeraha, macho wazi bila kuniona. Muuguzi alikuwa ameshaandika karatasi tangu jana. Dawa hazijaanza kwa sababu hapakuwa na wa kuzinunua.

Nilikwenda farmasi yao. Lilikuwa dirisha dogo kuliko langu, lina waya badala ya nondo. Ndani alikaa mwanamke wa umri wangu, koti lake jeupe limeshonwa begani kwa uzi mweusi. Nilipitisha karatasi. Hakuniangalia usoni, aliangalia karatasi, midomo ikitembea, akijumlisha. Nilijua kwa nini haangalii. Na mimi nilikuwa nimejifunza hivyo hivyo: ukiangalia karatasi, unaweza kutaja bei.

Niliisoma karatasi ile kichwa chini kupitia waya, na niliielewa yote. Sindano mbili zilikuwa za lazima, na maji ya mshipa, na dawa ya kusafishia. Chini yake vilifuata vitamini, sirapu, na vidonge vya tumbo ambavyo mguu wa mama haukuvihitaji. Alinitajia bei ya vyote pamoja. Ningeweza kusema, na ningesema kwa lugha ya kazi, na angeona haya. Nilimtazama bega lake. Nikauliza, "Dada, banakulipa?"

Ndipo akainua macho. Hakuuliza mimi ni nani.

"Bananilipa na hii," akasema, akagusa karatasi.

Nililipa vyote. Nilitoa pesa za karo na nyingine nilizokopa kwa mwenye pikipiki, nikabeba mfuko wenye sirapu ambayo hakuna mtu angeinywa. Kaka yangu alipokuja kujua alikasirika sana. Alisema mtu aliyesoma dawa amekubali kuuziwa kama mtu asiyejua. Mpaka leo sijui kama nilimhurumia yule mwanamke au niliogopa tu kuvunja kitu kinachonilisha na mimi.

Sindano zilianza. Pale kituoni hapakuwa na mtandao. Lazima upande kilima kidogo nyuma ya vyoo. Nilipanda mchana kumpa kaka habari, na simu ikaanza kutetemeka mkononi. Mwenzangu wa maabara: wako hapa. Tena yeye: wanaita majina, rudi. Mhasibu: mama, uko wapi?

Niliketi kwenye jiwe. Pikipiki ilikuwapo, na dereva alikuwa anaoga kisimani. Kama vizuizi vingetuachia, tungefika kabla hawajaondoka, labda. Chini niliona dirisha la chumba alicholala mama, chupa ya maji imening'inizwa kwenye msumari. Nilizima simu.

Sitasema ilikuwa ushujaa. Miguu yangu ilikataa tu kwenda kwenye pikipiki. Lakini baada ya muda nilihisi kitu ambacho sikukitarajia. Kifua kilikuwa chepesi. Nimefutwa, nikajiambia. Imekwisha. Hakuna namba ya kungojea tena, hakuna nondo, hakuna mwezi wa nne wa kuombea homa ya watoto wa watu. Nitakwenda dukani kwa kaka, nitasimama nyuma ya kioo, nitalipwa kama mtu. Nilicheka peke yangu pale kilimani. Nilikaa na mama mpaka uvimbe ukaanza kushuka na akanitambua, akaniuliza nimeacha watoto na nani.

Kaka alirudi kutoka Uganda akatukuta tumeshafika Bunia. Nilimwambia, "Yaya, nakuya kwako. Wamenifuta." Alinikumbatia, jambo asilolifanya kwa kawaida. Alisema nianze wiki inayofuata, na kwamba atanitafutia kiti kizuri, kwa maana mgongo unauma ukisimama siku nzima.

Siku iliyofuata nilikwenda hospitali kurudisha koti na kuaga. Mkuu aliponiona mlangoni alisimama, akafunga mlango nyuma yangu. Uso wake uling'aa.

"Nilikutetea," akasema kwa sauti ya chini. "Niliwaambia nimekutuma mwenyewe ku depo, kuleta dawa. Niliweka sahihi yangu. Wakakubali, wakaandika jina lako. Mama, uko ndani."

Koti lilikuwa mkononi mwangu, limekunjwa. Nilimtazama mzee yule. Alikuwa amesema uongo mbele ya wakaguzi, karibu na pensheni yake, kwa ajili yangu, yeye ambaye aliniambia hataweza. Kama ningeondoka wiki ile, kila mtu angejua kwamba hakuna depo niliyotumwa, na sahihi yake ingemrudia. Alikuwa anangoja nifurahi.

Nilisema asante. Kisha nikavaa koti, nikaenda kufungua dirisha.

Kaka hakunisemesha muda mrefu. Mwishowe alimwajiri binti wa jirani yake, msichana mwerevu, na bado yuko pale. Mama alihamia kwetu na fimbo yake. Hajui habari ya kilimani wala ya mkuu. Jioni nikirudi huniuliza, kwa nia njema tu, kama leo wagonjwa walikuwa wengi. Nikisema wengi, anasema pole. Nikisema wachache, anasema Mungu ashukuriwe. Sijawahi kumwambia kwamba majibu hayo kwetu hukaa kinyume.

Mradi wa shirika uliisha kabla ya Noeli. Bango liliondolewa, katoni zilizobaki zikahesabiwa na kupelekwa kwingine. Wanawake wale wale wa mahema walirudi na karatasi zao, nikawatajia bei. Baadhi walidhani nimeanza kuiba, kwa kuwa wiki iliyopita dawa ile ile ilikuwa bure mkononi mwangu. Mmoja alinitazama muda mrefu, akachukua karatasi yake akaondoka. Mwezi ule primu ikarudi. Tuliigawana kama zamani. Nilinunua sukari, na mchele, na soksi za shule.

Namba hazikuja kama tulivyoambiwa. Zilikuja chache. Moja ilikuwa ya muuguzi aliyeniambia habari ya viatu. Tulikuwa tumemzika wakati wa mvua kubwa, na mke wake alikuja hospitalini na karatasi hiyo mkononi kutuuliza inamaanisha nini. Mkuu alistaafu bila neno lolote la ile sahihi kumfuata. Siku ya kumuaga alinishika bega, akasema, "Vumilia, uko karibu." Nilijua basi kwamba sasa ningeweza kuondoka bila kumwumiza. Lakini kiti cha kaka kilikuwa na mtu, mume wangu alikuwa amerudi kutoka machimboni na kifua kibovu, na mimi nilikuwa ndani.

Juzi tumeitwa mkutanoni. Mkuu mpya, mwanamke mwenye bidii, ametueleza kwamba msaada mwingine unakuja na kwamba akina mama watazaa bila kulipa, dawa zote za uzazi bure. Alisema kwa furaha, na ni habari njema, hakuna asiyejua hivyo. Tulipiga makofi. Mfagiaji wetu wa zamani, mama wa watoto saba, alikaa kando yangu. Alipiga makofi pamoja nasi huku akitazama sakafu. Mtu mmoja nyuma akauliza kuhusu farmasi, mkuu akasema jambo hilo litaangaliwa. Nilitoka kabla ya wengine, kwa sababu foleni ilikuwa imeshafika kwenye bomba la maji, na karatasi ya kwanza ilikuwa tayari imepitishwa kati ya nondo.